Mipako Isiyonata Katika Mitambo ya Viwandani: Kuchagua kwa Kuanzia Kazi

Mhadhara huu unahusu mipako isiyonata, yaani tabaka jembamba linalowekwa juu ya chuma au alumini ili donge la mkate, sukari ya moto, mpira, wanga au gundi visigandie. Kusudi lake ni kuonyesha kwamba mpako huchaguliwa kwa kuanzia kazi ya mtambo na hali ya chuma kilicho chini, na kwamba jina la mpako ndilo la mwisho kuamuliwa. Anayenunua jina kwanza hujikuta akilazimisha kazi ifuate jina, na hasara huonekana mpako ukishaanza kubanduka.

1. Familia za mipako

Dutu iliyofungua njia ni PTFE, inayojulikana zaidi kwa jina la biashara, Teflon. Iligunduliwa tarehe 6 Aprili 1938 katika maabara ya kampuni ya DuPont, jimbo la New Jersey, Marekani. Mkemia Roy Plunkett alikuwa akitafiti gesi za majokofu. Yeye na msaidizi wake, Jack Rebok, walifungua mtungi uliotakiwa kuwa umejaa gesi, lakini hakuna gesi iliyotoka, ilhali uzito wa mtungi haukupungua. Walipoukata walikuta ndani unga mweupe wenye utelezi kama nta. Gesi ilikuwa imejiunga yenyewe ikawa polima. Kazi yake ya kwanza kubwa haikuwa ya jikoni: wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kuzibia viungo vya mitambo ya kusafishia urani, kwa kuwa gesi iliyotumika huko hula karibu kila kitu.

Siri ya dutu hii ni muungano wa kaboni na florini, ambao ni miongoni mwa miungano imara kabisa katika kemia ya kaboni. Atomu za florini huuzunguka uti wa kaboni na kuufunika, hata kitu kingine kikose pa kushikia. Tone la maji juu ya PTFE halitandazi. Husimama kama shanga, pembe yake ya kugusa ikiwa karibu digrii 110. Msuguano wake nao ni mdogo sana, kati ya 0.05 na 0.10 katika vipimo vya kawaida.

Hata hivyo fluoropolima ni familia, na ndugu hawa hawafanani tabia. PTFE huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, lakini hata ikiyeyuka haitiririki. Hubaki nzito mno, na chembe zake hushikana ubavu kwa ubavu tu. Ndiyo maana mpako mwembamba wa PTFE huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Kwenye mtungi wa kukaushia nyuzi zilizopakwa wanga, katika kiwanda cha nguo, vitundu hivyo havina madhara. Kwenye tangi la tindikali ni mlango wa kutu. FEP na PFA hutiririka zikiyeyuka na kuziba mianya, hivyo ndizo zifaazo pale kimiminika kikali kinapotakiwa kizuiwe kabisa kufika kwenye chuma. FEP huyeyuka karibu na nyuzi 260 na hufanya kazi ya mfululizo hadi takriban 200. PFA huyeyuka karibu na 305 na huvumilia kazi ya mfululizo hadi 260, sawa na PTFE. Yuko pia ETFE, mgumu zaidi kwa mapigo na mikwaruzo, lakini joto lake la kazi huishia karibu na nyuzi 150.

Nje ya familia hiyo kuna silikoni, ambayo ni nafuu, huivishwa kwa joto dogo zaidi, huachia vizuri ikiwa mpya, na huchoka mapema. Kuna mipako ya seramiki itokanayo na silika: migumu, huvumilia joto kuliko fluoropolima, ila uwezo wake wa kuachia hupungua kadiri inavyotumika, na ikitoka motoni kwenda kwenye maji baridi hupata nyufa. Kwa kalibu zenye vipimo vya usahihi mkubwa kuna nikeli iliyochanganywa na chembe za PTFE, ambapo PTFE huchukua takriban robo ya ujazo au pungufu kidogo. Tabaka lake ni la mikroni chache na husambaa sawasawa hadi kwenye pembe za ndani, kwa sababu huwekwa kwa kuzamisha kifaa katika dawa na si kwa kupuliza.

2. Joto la kuangalia ni la uso wa kifaa

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, na hapa panastahili muda. Mfano mzuri ni bati la kuokea mkate wa boflo, kwa kuwa kila aliyemo ukumbini ameula mkate huo.

Oveni ya mkate huwekwa kwenye nyuzi 200 hadi 230 au zaidi. Fundi akisoma namba hiyo na kuilinganisha na kikomo cha FEP, ataona FEP haifai. Lakini viwanda vya mkate duniani huitumia, na sababu ni maji. Donge la mkate limejaa maji, na maji hayo hayaruhusu ndani ya mkate kupita nyuzi 100 muda wote wa kuoka. Bati lililolikumbatia donge hupozwa nalo. Kuta zake hupanda juu ya mia, lakini hazifikii joto la hewa ya oveni. Kwa hiyo joto la kuchagulia mpako ni la uso wa bati likiwa na donge ndani, na hilo hupimwa kwa waya wa kupimia joto uliobanwa kwenye ukuta wa bati, si kwa kusoma kioo cha oveni.

Sasa bati moja likose donge. Mashine ya kugawia imeruka nafasi, au zamu imebadilika na mabati ya mwisho yakapita matupu kwenye mkanda. Bati tupu halina maji ya kulipoza, na hupata joto lote la oveni kwa dakika zote za kuoka. Likipita hivyo mara kwa mara, silikoni hukauka na kubadilika rangi, na FEP hulainika na kuachana na chuma kwenye kingo. Baada ya muda meneja huona mabati machache yananatisha huku mengine, ya oda ileile na ya mpakaji yuleyule, yakiwa mazima, akadhani aliuziwa mpako mbovu. Jibu lipo kwenye mkanda. Anayechagua mpako na aulize kwanza: je, mtambo huu hupita moto ukiwa mtupu? Kama ndiyo, na jambo hilo haliwezi kurekebishwa, achague PFA badala ya FEP na alipe tofauti ya bei.

Kwa upande mwingine, kifaa kinachofanya kazi kwenye nyuzi 80 hakihitaji mpako wa nyuzi 260. Kulipia joto lisilotumika ni kutupa fedha ambazo zingenunua unene au ugumu.

3. Kinachogusa uso, na namna kinavyogusa

Baada ya joto huja swali la kitu chenyewe. Unga mkavu hauna shida sawa na sukari iliyochemshwa kwa ajili ya pipi. Sukari hiyo hugandia kwa nguvu inapopoa, na hubandua mpako dhaifu pamoja nayo. Mikate mitamu huchosha mabati upesi kuliko boflo ya kawaida kwa sababu hiyohiyo, na kiwanda kinachooka aina zote mbili kingefanya vema kutenga mabati yake.

Mchubuko nao ni adui mkubwa kuliko joto. Fluoropolima zote ni laini. Ukucha unaweza kuacha alama juu ya PTFE tupu. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya ndani yake viimarishi vigumu, au hutandika kwanza tabaka la chuma au la seramiki lenye mabonde na vilima vidogo, kisha fluoropolima hujaza mabonde. Kitu kinachopita juu hukwangua vilima vigumu, na utelezi unabaki umehifadhiwa mabondeni. Mfumo huo ni ghali, lakini kwa mashine ya kukunja karatasi au kwa mdomo wa kupitishia saruji hakuna mpako laini utakaodumu bila msaada wa namna hiyo.

Usafishaji husahaulika zaidi ya yote. Soda kali ya kuoshea vyombo vya kiwanda huvunja silikoni. Haiwezi kuvunja fluoropolima, lakini hupenya kwenye vitundu na kuila alumini iliyo chini, hadi mpako unainuka ukiwa mzima kama gamba. Stilwaya na kikwangua cha chuma hufanya kwa siku moja kazi ambayo joto lingefanya kwa mwaka. Mwenye kiwanda asiyeweza kuzuia stilwaya kwenye zamu ya usiku na achague mpako kwa kuhesabu kwamba stilwaya itatumika.

Liko pia jambo la mafuta. Mafuta ya kupikia yanayopakwa juu ya mpako yakiungua huacha utando wa kahawia, hasa kwenye pembe, na mkate hunata kwenye utando huo. Mpako wenyewe ukiwa bado mzima chini yake, lawama huuangukia. Msikilizaji mwenye mabati ya namna hiyo ajaribu kuloweka moja katika dawa ya kuondoa mafuta isiyo kali kabla ya kuagiza upakaji mpya.

Umeme tuli usipuuzwe. Fluoropolima hazipitishi umeme, na unga mkavu unaoteleza juu yake hujikusanyia chaji. Vumbi la unga likichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche. Kwa mabomba na vifaa vya kupitishia unga huchaguliwa aina zilizotiwa kaboni ili zipitishe umeme, na chuma chenyewe huunganishwa na ardhi.

4. Chuma kilicho chini

Dutu isiyoshikwa na kitu chochote haishiki chuma pia. Tatizo hilo lilimshughulisha mhandisi Mfaransa Marc Grégoire miaka ya 1950. Alilitatua kwa kuutafuna uso wa alumini kwa tindikali hadi ukawa na vishimo vidogo, kisha akajaza vishimo hivyo PTFE na kuipasha moto. Dutu ikajifunga ndani ya vishimo. Kampuni ya Tefal, iliyoanzishwa mwaka 1956, ilitokana na kazi hiyo. Viwandani leo vishimo hupatikana zaidi kwa kupuliza chembe kali za oksidi ya alumini, na juu yake huwekwa praima yenye gundi inayostahimili joto, kisha tabaka la kati na la juu. Kanuni haijabadilika: mpako hushikiliwa na ukali wa uso pamoja na praima.

Kutokana na hilo, mpako mwingi unaobanduka huwa umeharibikia kwenye matayarisho. Chuma kilichowahi kulowa mafuta lazima kichomwe kwanza katika tanuri hadi mafuta yaliyojificha kwenye matundu yatoke. Kikipulizwa mchanga kikiwa na mafuta, chembe husukuma mafuta ndani zaidi. Baada ya kupulizwa, chuma hakiguswi kwa mkono mtupu, na praima hupakwa siku hiyohiyo. Katika hewa yenye unyevu na chumvi kama ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chuma kilichopulizwa huanza kushika kutu ya rangi ya chungwa kwa muda mfupi sana, na mpako juu ya kutu hiyo umeshapotea kabla haujaanza kazi.

Halafu kuna joto la kuivishia. PTFE huivishwa kwenye nyuzi takriban 380 hadi 400. Je, kifaa kinaweza kuvumilia? Kiungo cha risasi na bati kitayeyuka. Chuma kilichotiwa ugumu kwa moto kitapoteza ugumu wake, na alumini iliyoimarishwa vilevile italainika. Bati jembamba litapinda. Shaba na shaba nyeupe hufanya magamba ya oksidi. Kwa vifaa hivyo huchaguliwa mipako ambayo fluoropolima imechanganywa na gundi ya kuiva kwa joto dogo zaidi, karibu na nyuzi 200, huku ikikubalika kwamba uachiaji wake si wa daraja la kwanza.

Umbo nalo husema. Rangi na polima hukimbia ncha kali, hivyo kingo zote huviringishwa kwa msasa au tupa. Viungo vya kuchomelea huwa vya mfululizo bila tundu, na husawazishwa. Chuma cha kumimina chenye vitundu hutoa hewa ndani ya tanuri, na hewa hiyo hupasua mpako na kuacha malengelenge. Kwa hiyo mhandisi anayechora kifaa na anayekipaka wanapaswa kukutana kabla karakana haijaanza kukata chuma. Kukutana huko hakugharimu chochote ikilinganishwa na kubomoa na kuchomelea upya.

5. Pale ambapo jibu si mpako

Si kila kinachonata kinahitaji kupakwa. Mashine ya kufungia mifuko ya unga au ya sukari kwa joto ina taya mbili za moto, na juu yake huvutwa utepe wa kahawia wa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa PTFE. Utepe ukiungua, fundi huubandua, hufuta taya na kubandika mwingine, na mashine inaendelea kabla zamu haijaisha. Kupaka taya zenyewe kungelazimu kuzifungua na kuzipeleka kwa mpakaji kila zinapochubuka. Vivyo hivyo, mdomo wa kupitishia makaa ya mawe au mchanga unaosuasua hufaidika zaidi na ubao mnene wa polithilini ngumu uliofungwa kwa bolti, mradi joto lisizidi nyuzi 80 hivi. Kalibu ya mpira inayotumika mara chache inaweza kutosheka na dawa ya kupuliza.

Uchumi huhesabiwa kwa kipande kilichozalishwa. Bati la silikoni hupakwa upya baada ya mizunguko ya mamia, la fluoropolima baada ya maelfu, kutegemea kazi. Kila kupaka upya kuna usafiri, na kuna siku ambazo bati haliko kiwandani. Kiwanda kilicho mbali na mpakaji huhitaji mabati ya akiba, na mabati ya akiba ni fedha iliyolala. Njia ya uhakika ni kupaka mabati machache kwa aina mbili au tatu, kuyatia alama ya kudumu, kuyachanganya na mengine kwenye mkanda halisi na kurekodi lini kila moja lilianza kunata. Hakuna jedwali la muuzaji linaloweza kushinda daftari hilo.

Kifaa kinaporudi kutoka kwa mpakaji kipokelewe kwa vipimo. Unene hupimwa kwa kifaa cha sumaku juu ya chuma, au cha mkondo wa umeme juu ya alumini. Mpako wa PTFE wa kunyunyizia huwa na mikroni 25 hadi 50 hivi. Mpako mnene wa PFA wa kuzuia kemikali huweza kufika mamia ya mikroni. Tangi la kemikali hupitishiwa kipimo cha cheche: brashi yenye umeme wa volti nyingi hupitishwa juu ya mpako, na penye tundu cheche huruka hadi kwenye chuma. Tangi lisilopita kipimo hicho lirudishwe siku hiyo.

6. Afya, sheria na miaka ijayo

PTFE iliyoiva haina madhara ikigusana na chakula, kwa kuwa haishirikiani na kitu. Ikipita nyuzi 350 hivi huanza kuvunjika waziwazi na kutoa mvuke wenye sumu. Anayeuvuta hupata homa, kutetemeka na kubanwa kifua, saa kadhaa baadaye, na dalili hizo hufanana kiasi na za malaria hata mgonjwa na mganga wasikumbuke kiwanda. Ndege hufa kwa mvuke huo upesi. Kwa hiyo ni marufuku kuchomelea au kukata kwa gesi kifaa chenye mpako huu kabla haujaondolewa, ni marufuku kuuchoma kwa moto wa wazi ili kuuondoa, na sigara isiingie kabisa kwenye chumba cha upakaji, kwa sababu chembe iliyoangukia kwenye tumbaku hupashwa moto mdomoni mwa mvutaji. Mhadhiri yeyote wa somo hili asiyesema hayo kwa sauti kubwa hajawatendea haki mafundi.

Suala lingine ni kemikali zilizosaidia utengenezaji. PFOA, iliyotumika kwa miaka mingi katika kutengeneza PTFE, haivunjiki katika mazingira na hukaa mwilini muda mrefu. Mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kuondolewa. Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama wa mkataba huo. Januari 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Norway na Sweden ziliwasilisha pendekezo la kubana katika Umoja wa Ulaya familia nzima ya kemikali za aina hiyo, zaidi ya 10,000, na fluoropolima zimo. Kampuni ya 3M ilitangaza Desemba 2022 kwamba itaacha kuzitengeneza ifikapo mwisho wa 2025. Jimbo la Minnesota, Marekani, limepiga marufuku vyombo vya kupikia vyenye kemikali hizo tangu Januari 2025.

Hatua hizo zitafika kwenye viwanda vya Afrika Mashariki kwa njia ya bei, upatikanaji wa malighafi na masharti ya wanunuzi wa nje. Mipako ya silika na silikoni iliyoboreshwa itachukua sehemu ya kazi, hasa za joto la wastani na mikwaruzo michache. Kwa tindikali kali na joto kubwa kwa pamoja, bado hakuna kinachoifikia PFA. Kwa hiyo kila kiwanda kinachoagiza mpako sasa kiandike ndani ya oda yenyewe aina ya dutu, joto la kuivishia, unene na hati ya kuthibitisha kwamba PFOA haikutumika, na kihifadhi karatasi hizo pamoja na daftari la majaribio. Vyuo vya ufundi navyo vinaombwa kuliingiza somo la matayarisho ya uso katika mitaala ya mafundi mitambo, pamoja na mazoezi ya kupuliza chembe na ya kupima unene, kwani mafundi hao ndio watakaopokea mipako mipya itakayokuja.